Kisu Kilicholala kwa Mrisho

Mume wangu Telesphor alinichagua mimi kwa jioni mbili za mazoezi ya kwaya, ya tatu akawaleta wazee wake nyumbani. Kisu alikichagua kiangazi kizima. Nalisema mapema ili anayesoma ajue nimeolewa na mtu wa namna gani, na asishangae akinisikia nimenuna katikati ya hadithi.

Ilikuwa miaka ya tisini katikati, tunakaa Kawajense hapa Mpanda, nyumba ya tofali za kuchoma, nusu mabati nusu nyasi. Telesphor alikuwa mchuuzi wa baiskeli. Alipakia sabuni, chumvi na betri za redio, akaenda nazo Karema ziwani, akarudi na matenga mawili ya migebuka wakavu yamefungwa kwenye karia kwa vipande vya tyubu. Ni mwembamba, mpole, na maneno kwake hutoka kama maji ya bomba letu la mtaa: unaweza kusubiri asubuhi nzima na ndoo yako. Mtu pekee aliyeweza kumfungua mdomo alikuwa Mrisho.

Mrisho alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, Mwislamu, anakaa mtaa huohuo wetu na mkewe mama Zaituni. Telesphor ni Mfipa. Wafipa na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu, yaani wameruhusiwa kutukanana popote, hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Hawa wawili waliitumia ruhusa hiyo mpaka ikachakaa.

"We Mfipa!" Mrisho alikuwa anapiga kelele tangu yuko konani. "Bado unahangaika na baiskeli? Ungo wako wa kurukia umetoboka?"

"Nakungoja wewe mpagazi," Telesphor anajibu, na mimi jikoni nasikia kabisa kwamba anacheka. "Nani atabeba mizigo kama Mnyamwezi amelala?"

Walisafiri pamoja kwa sababu ya utani huo, lakini zaidi kwa sababu ya mlima. Barabara ya Karema ina mlima ambao kwenda unauteremka umeshika breki mpaka zinanuka, na kurudi, matenga yakiwa yamejaa, hakuna mwanaume anayeupandisha mzigo ule peke yake. Baiskeli moja inalazwa chini, wote wawili wanaisukuma nyingine. Mmoja anashika usukani mbele, mwenzake anaweka bega kwenye tenga nyuma. Wakifika juu wanaiegesha kwenye mti, wanashuka kuifuata ya pili. Aliye mbele hawezi kugeuka kutazama kama mwenzake bado anasukuma. Aliye nyuma akiachia, baiskeli na samaki na mwenye baiskeli vyote vinarudi chini pamoja. Kwa hiyo mtu wa kupanda naye unamchagua vizuri, na asiye na mwenzake hupakia nusu mzigo. Nyumba zetu mbili zilikula kwa sababu watu wawili walisukumana.

Na Mrisho alikula kwangu. Hilo nalisema kwa kujisifu, maana kazi ilikuwa yangu. Sisi ni Wakatoliki, kitimoto tunakula, tena Krismasi bila kitimoto kwetu ni kama haijafika. Lakini juu ya mlango wa jiko nilikuwa nimetundika kwenye msumari wake sufuria moja, bakuli na kikombe cha bati, na nyama ya nguruwe haikuwahi kuvigusa tangu vitoke dukani. Sikumtangazia mtu. Mama Zaituni aliingia jikoni siku moja, akaviona vimetundikwa peke yake, akaniangalia, akacheka, akakaa chini kumenya mihogo na mimi. Tangu siku hiyo watoto wake walikula kwangu na wangu kwake, hakuna aliyeuliza.

Sasa kisu.

Kile cha zamani cha Telesphor kilikuwa cha marehemu baba yake, mpini umefungwa waya, makali yameliwa na jiwe mpaka kimebaki kama jani la mwanzi. Kwa mtu wa baiskeli kisu ni kama kiungo cha mwili. Kinakata tyubu ya kufungia mzigo, kinakwaruza sehemu ya kubandika pancha, kinachonga kigingi cha kushikilia tenga, kinapara samaki wa chakula cha jioni. Cha baba yake kilikuwa kimechoka kazi zote hizo. Ndipo siku moja sokoni akaona turubai la Polycarpe.

Polycarpe alikuwa Mrundi wa Mishamo, anakuja Mpanda siku za soko na baiskeli yake, anatandika vioo, kufuli, tochi, nyembe na vitu vingine vya kung'aa. Siku hiyo alikuwa na visu viwili vya kukunja ambavyo sisi hatukuwahi kuviona. Bei yake ilikuwa moja, na hilo ndilo lililotuponza. Kingekuwepo cha bei ya chini, umaskini ungetuchagulia, tukarudi nyumbani mapema.

Cha kwanza kilikuwa chekundu, kinene kama kidole gumba cha mtu mzima. Ndani yake mna visu viwili, kikubwa na kidogo, halafu mkasi, msumeno mdogo, kifungulio cha makopo, msumari wa kutobolea ngozi, na kitu kilichojisokota kama mkia wa nguruwe ambacho Polycarpe alisema ni cha kung'olea vizibo vya mvinyo. Ubavuni kilikuwa na kijiti cha kuchokolea meno. Kijiti! Hapa Mpanda, ambako miti imetuzunguka mpaka nyuki wanakosa kujua waanze na upi.

Cha pili kilikuwa chuma kitupu. Ukikikunjua kinakuwa plaizi, na ndani ya mikono ya hiyo plaizi mmelala kisu kimoja kipana, tupa na bisibisi mbili. Kilikuwa kizito. Ukikitia mfukoni unajua umekitia.

Telesphor akaanza ibada yake. Kila siku ya soko alichuchumaa mbele ya lile turubai, anafungua hiki, anafunga, anafungua kile, anakipima kiganjani, anakitia mfukoni, anatembea hatua chache, anarudi. Alikuwa anajaribu kama kucha yake inatosha kufungulia. Alikuwa anauliza kutu inaingilia wapi. Wanaume wengine wakaanza kukusanyika, maana mwanaume ukimwonyesha kitu kinachokunjwa hana tena haraka ya kwenda kwake. Josephat, fundi baiskeli wa karibu na stesheni, alikuwa upande wa plaizi.

"Spoku utaing'oa kwa mkasi wewe?" alimwuliza. "Cheni ikikaza pini utaitongoza kwa kijiti cha meno?"

Mrisho alikuwa upande wa chekundu. "Hicho cha chuma kizito, mtani. Kitakuvua suruali mbele ya wakwe zako."

Mimi nilikuwa upande wa kwenda nyumbani. Nilimwambia mwanamke anakata mboga, anachinja kuku, anakwangua sufuria na anafungua kopo kwa kisu kimoja cha jikoni, na hajawahi kukaa chini kukiuliza maswali. Akasema, "Mama Queen, cha jikoni hukitembei nacho." Ni kweli, nikanuna tu.

Mwisho Polycarpe mwenyewe alichoka. "Baba Queen," alimwambia, "kisu hawachagulii hapa chini. Chukua kimoja uende nacho Karema, ukirudi ndiyo utajua. Mimi niachie dinamo ya baiskeli yako iwe rehani." Telesphor akafungua dinamo, akaiacha, akaondoka na plaizi.

Safari ile kisu kilimfurahisha kama mtoto. Mwiba wa mgunga uliozama kwenye tairi, ambao zamani wangeuchokonoa nusu saa, aliung'oa kwa plaizi mara moja. Cheni ya Mrisho ilikaza, akaibana, akaitengeneza. Akakata tyubu, akanoa ndoana ya mtu kwa tupa pale Karema, watu wakaja kutazama. Mfuko wa suruali ulikuwa umeshaanza kutoboka lakini hakujali.

Wakirudi na matenga, walilala kijiji kimoja kabla ya mlima. Kwa bahati binamu yake Telesphor, Alois, alikuwa anambatizisha mtoto wake, na nguruwe alikuwa amechinjwa. Mrisho akaenda kulala kwa Mwislamu mwenzake wa kijiji hicho, kama kawaida yao. Telesphor akabaki kwenye ubatizo. Pale watu walipoona kile kisu, kila mmoja alitaka kukatia nyama nacho. Kikazunguka mkono kwa mkono, wanakisifu, wanakatia mapaja na mbavu, na mume wangu, ambaye hajawahi kusifiwa kwa jambo lolote hadharani, alikaa katikati yao anatabasamu. Asubuhi akakifuta kwa majani, akakikunja, akakitia mfukoni.

Jua lilipokolea wakasimama kivulini chini ya mlima kula. Mrisho alikuwa na papai alilopewa na mwenyeji wake. Miaka yote papai lilikatwa kwa kisu cha Mrisho, kidogo, cheusi, amekizungushia kitambaa. Kila mmoja alikuwa na kisu chake na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Lilikuwa limejipanga lenyewe, kama ile sufuria yangu. Lakini siku hiyo Telesphor alikuwa amelewa kitu kipya. "Acha hicho, mtani," akasema. "Tazama hiki kinavyoteleza." Akalipasua papai, akampa mwenzake, Mrisho akala. Kisu cha kila kazi kilimsahaulisha kwamba kazi nyingine hazikai pamoja.

Mrisho alikuwa kwenye kipande cha pili alipokichukua kile kisu ili naye aijaribu ile tupa. Akakikunjua. Pale kwenye maungio, ndani ya mkono wa plaizi, kulikuwa na mafuta meupe yameganda, na unyuzi wa nyama umebanwa.

"Mtani, haya mafuta ya nini?"

Mume wangu ana kasoro zake, lakini uongo haujui. "Ya jana," alisema. "Ya ubatizo. Nilikifuta."

"Haya," alisema Mrisho.

Aliweka papai chini, akachukua dumu lake la maji, akasukutua mdomo mpaka dumu likaisha, na maji mengine yako mbali. Halafu wakapanda mlima. Telesphor aliniambia jioni ile, macho yake yako kwenye sakafu, kwamba Mrisho aliweka bega kama siku zote, hakuachia hata mara moja, akaifikisha baiskeli ya mwenzake juu ndipo wakashuka kuifuata yake. Lakini alisukuma kimya. Tangu chini mpaka juu hakumwita Mfipa hata mara moja.

Mtani akikutukana, uko salama. Akinyamaza, tafuta ulichokivunja.

Nilimfokea mume wangu usiku ule. Nilimwambia, miaka yote nimetunza sufuria ya watu juu ya mlango, wewe umeibomoa kwa papai moja. Alikaa ananisikiliza, anakifungua na kukifunga kile kisu, mpaka nikamnyang'anya. Afadhali angejitetea.

Safari iliyofuata Mrisho aliondoka alfajiri peke yake, nusu mzigo. Telesphor akaondoka mchana, nusu mzigo. Ikawa hivyo na safari nyingine. Watu wa mtaa walidhani wamegombana, lakini hawakuwa wamegombana. Wakikutana walisalimiana vizuri, "Habari za nyumbani," "Nzuri," kama watu wa ofisini. Kwangu na kwa mama Zaituni ugali ulipungua.

Siku moja Mrisho alikuja kurudisha pampu yetu. Jua kali, nikamkaribisha maji. Nilichukua kikombe kile cha bati kutoka kwenye msumari wake, mbele ya macho yake, nikachota mtungini, nikampa. Akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kabla ya kunywa akakipitisha puani. Kidogo tu, kama mtu anayewaza jambo lingine, sidhani hata yeye alijua amefanya. Kisha akanywa.

Iliniuma kuliko matusi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama Zaituni na kilio changu, na yeye akanishika mkono. "Shoga, yeye hana kinyongo," alisema. "Mwili wake ndio umeogopa. Kitu kikiguswa na nguruwe kwetu kinaoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, kinatakata. Lakini kile kisu chenu kina vyumba vingi, nani ataosha kila chumba?"

Mimi nilisikia neno udongo tu, nikakimbia nyumbani. Telesphor akakiosha mara saba kama alivyoelekezwa, na kwa kuwa ni mtu wa kukamilisha mambo, kwenye ile ya udongo alikisugua kwa mchanga wa barabarani kote, ndani na nje, kwa bidii ya mtu anayetubu. Mchanga ukaingia kwenye maungio yote. Plaizi ikagoma. Kisu hakitoki, tupa haitoki, kimekuwa kipande cha chuma, tena cha watu. Akaenda nacho kwa Polycarpe amekibeba kwenye kitambaa kama ndege aliyevunjika bawa.

Polycarpe alikitazama, akamtazama na yeye, akauliza imekuwaje, akaelezwa. Hakucheka pale pale, namshukuru kwa hilo. Alikitia kwenye kopo la mafuta ya taa, akawa anakitikisa mchana kutwa huku anauza vioo, mpaka jioni kikafunguka. "Sasa umekijua," alimwambia Telesphor, akamrudishia dinamo yake. "Hiki ni cha mtu anayeishi peke yake."

Ndipo mimi nikapata wazo, na nililiona zuri mno. Kile chekundu kina visu viwili. Kikubwa kitakuwa cha kila kitu, kitimoto na vyote, na kidogo hakitaguswa ila kwa chakula cha kula na Mrisho. Kama jikoni kwangu: sufuria hii na sufuria ile. Telesphor aliwaza siku mbili, akakubali. Akanunua chekundu, hakukifungua hata kukijaribu, kikabaki na karatasi yake, tukaenda nacho wote wawili nyumbani kwa Mrisho.

Tulimkuta kwenye mkeka, anaziba tyubu. Telesphor alimweleza. Kwa mtu wa maneno machache kama yeye, ilikuwa hotuba: kikubwa hivi, kidogo vile, mtani nisamehe. Mrisho akakitoa kwenye karatasi, akakinusa bila kuficha, akafungua kikubwa, akafungua kidogo, akavikunja vyote viwili pamoja taratibu. Akaviangalia vilivyolala humo ndani, ubavu kwa ubavu.

"We Mfipa," alisema.

Moyo wangu uliruka. Wiki ngapi hatujalisikia neno hilo!

"We Mfipa, hivi hawa wanalala chumba kimoja, kitanda kimoja, halafu unaniambia usiku hawagusani?"

Mama Zaituni alicheka mpaka akajifunika khanga. Nami nilicheka, lakini wazo langu zuri lilikuwa limekufa, nililiona likifa. Telesphor hakucheka. Alikuwa anakitazama kisu kile alichokihangaikia kiangazi kizima, na ambacho mpaka dakika ile hakikuwa kimekata hata uzi. Akakichukua kutoka mkononi kwa Mrisho, akakiweka kwenye mkeka mbele ya goti lake.

"Basi kilale kwako," alisema.

"Vipi?"

"Kibebe wewe. Mfukoni kwako. Mimi kwa nyama zangu ninacho cha baba."

Solusheni ya kuzibia ilimkaukia Mrisho kidoleni. "Na ukikitaka njiani?"

"Nitakuomba."

"Nitakunyima."

"Najua," alisema mume wangu. Hapo ndipo wote wawili wakacheka, na kesho yake alfajiri waliondoka pamoja, mzigo kamili.

Kwa hiyo kisu cha Telesphor kikaishi kwa Mrisho. Alikuwa anakiomba kwa adabu, mtu na mali yake, na Mrisho alikuwa anamnyima kwanza kila mara. Wafipa hawapewi vitu vyenye ncha. Mfipa aseme kwanza amekula nini. Mfipa afunge macho ahesabu vidole vyake visije vikapungua. Halafu anampa. Siku moja katikati ya mlima tyubu ya kufungia tenga ilikatika. Telesphor alikuwa mbele, hawezi kugeuka, akahisi mzigo unaserereka. Mrisho nyuma alilibana tenga kwa bega na kichwa, akakitoa kisu mfukoni kwa mkono mmoja, akafungua kile kidogo kwa meno, akakata kipande kipya kutoka kiunoni mwake alikokuwa amejifunga tyubu ya akiba, akafunga. Telesphor aliniambia alichokisikia mbele kule ni matusi tu, mfululizo, na kwamba kwa jinsi matusi yalivyokuwa mazuri alijua mambo yako salama.

Halafu baba yake Mrisho akazeeka, akaita watoto. Mrisho akarudi Urambo na familia yake kulima. Tuliwasindikiza stesheni. Treni ikiwa imeshapiga honi, akatoa kile kisu, rangi nyekundu imekwanguka pembeni kwa kukaa na sarafu na funguo, akamtia Telesphor mfukoni mwa shati yeye mwenyewe.

"Sikupi," alisema. "Nakuazima. Nikirudi nitakitaka."

Mume wangu akabaki na kisu chake mwenyewe kwa mkopo. Akatafuta mwenzake mwingine wa mlimani, kijana mzuri tu, lakini nyumbani maneno yalirudi kuwa yale ya bombani.

Krismasi ya mwaka huo Telesphor alikwenda misa ya kwanza, mimi nikabaki na kitimoto. Nimeshaweka karai jikoni, nyama iko mezani, kisu changu kikakatika mpini. Hicho hicho nilichokuwa namsifia sokoni. Nikatafuta cha baba mkwe, nikakumbuka kimekwenda kwa Josephat kunolewa. Suruali ya kazi ya Telesphor ilikuwa imetundikwa ukutani, na mfukoni nilikiona kile chekundu kimejaa. Nilikitoa. Watoto wako kanisani, mtaa mzima uko kanisani, Mrisho yuko Urambo na safari nzima ya treni iko kati yetu. Nilifungua kikubwa. Kilikuwa kikali vizuri sana.

Nilisimama pale na nyama mbele yangu, na nilichokiona kichwani ni kikombe cha bati kinapita puani. Nikakikunja. Nikakirudisha mfukoni mwa suruali, nikanawa mikono, nikatembea mpaka kwa mjane mmoja wa Kipimbwe mwisho wa mtaa, nikaazima kisu chake butu, nikakatakata kitimoto kwa kuvuta na kulaani mpaka misa ikaisha. Telesphor alirudi akaniuliza jasho la nini. Nikamwambia. Akasema, "Umefanya vizuri, mama Queen," na kwa yule mtu hiyo ni barua ya mapenzi.

Mrisho alikuja kututembelea kiangazi kilichofuata. Alishuka kwenye treni na kifuko cha karanga, amenenepa kidogo, anatukana tangu mlangoni. Niliishusha sufuria kutoka msumarini, nikampikia kuku aliyemchinja mwenyewe, wakala pamoja na mume wangu kwenye bakuli lile lile la zamani. Baada ya chakula nikaleta papai, nikaliweka katikati, na sikuleta kisu.

Telesphor akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile chekundu, akakiweka mbele ya goti la mwenzake. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la kunawia, siwezi kwenda mbele wala kurudi.

Mrisho alikichukua huku anaendelea kueleza habari za tumbaku ya Urambo. Akafungua kikubwa, si kile kidogo, akalipasua papai, akaondoa mbegu, akakata. Hakukinusa. Kipande cha kwanza alinipa mimi, nikatoka nacho nje nikalia, nikasingizia moshi.